SOMO LA MWEZI: KAA WA BAHARI ZA MBALI NA SAMBAZA WA ZIWA KIVU



Katika mkutano wa tawi hapa Gisenyi, ndugu mmoja wa shamba la chai alisimama akauliza swali ambalo wengi walilicheka. Alisema: "Ninyi wa chama kila mara mnatuletea habari za wavuvi. Mimi nachuma chai. Mambo ya ziwani yananihusu nini?"

Sisi hatukucheka. Swali lake ni zuri, na somo la mwezi huu ndilo jibu lake.

Kwanza, sambaza ndiyo mboga yetu. Mfanyakazi wa chai kule Pfunda na kibarua wa kiwandani hapa mjini hawali nyama kila siku. Wananunua sambaza, mbichi au mkavu, kwa kipimo kidogo, na watoto wanapata cha kujenga mwili. Sambaza akipungua ziwani, mshahara wetu unapungua sokoni ingawa hakuna aliyeukata.

Pili, mtu anayevua usiku ni ndugu yetu, na mama anayeanika na kuuza asubuhi ni mke au dada yetu.

Tatu, sheria za kazi ya kuvua ni zile zile za kazi ya kuchuma. Mvuvi, kama mchuma chai, anakitegemea kitu kinachoota chenyewe, analipwa kwa kadiri ya alichopata, na mizani iko mkononi mwa mwingine.

Ili tuyaone mambo haya wazi, tumechagua kusoma habari za kaa wa baharini. Sisi wa Kivu hatuna biashara ya kaa. Lakini uvuvi wa kaa katika nchi mbalimbali umeonyesha haraka, mbele ya macho ya watu walio hai, namna kazi inavyopanda, inavyoanguka, inavyofungwa, na namna mali inavyogawanywa baada ya kufungwa. Tujifunze kwa hasara ya wenzetu kabla ya kujifunza kwa yetu.

1. KAA NI MNYAMA WA NAMNA GANI

Kaa hakui kama samaki. Amevaa gamba gumu lisilotanuka. Akitaka kukua ni lazima alivue gamba la zamani, akae siku kadhaa mwili ukiwa laini, mpaka gamba jipya ligande. Wakati huo hana nguvu wala nyama ya kutosha. Jike hubeba mayai chini ya tumbo lake mpaka yaanguliwe.

Kutokana na maumbile hayo, nchi nyingi zimeweka masharti matatu: asivuliwe kaa mdogo kuliko kipimo, asichukuliwe jike mwenye mayai, na pawe na miezi ya kupumzisha bahari. Kule Alaska, jimbo la Marekani lililo kaskazini kabisa, majike ya kaa wakubwa wa biashara hurudishwa majini, na madume wakubwa tu ndio huchukuliwa. Haya si masharti ya kumkomoa mvuvi. Ni kama sharti la kutong'oa mchai ili kupata majani mengi siku moja.

2. ALASKA: MIAKA MITATU YA KUANGUKA

Katika ghuba ya Bristol, Alaska, kuna kaa mwekundu anayeitwa kaa mfalme, mkubwa ajabu. Mwaka 1980 meli za huko zilivua karibu tani 59,000. Viwanda vilijaa, vijana waliacha shule wakaenda melini, na matajiri walikopa benki wakaunda meli nyingine.

Mwaka 1981 zilipatikana tani 15,000 hivi. Mwaka 1982 tani 1,400 hivi tu. Mwaka 1983 uvuvi ukafungwa. Karibu na kisiwa cha Kodiak, ambako kaa huyo ndiye aliyeujenga mji, uvuvi wake wa biashara ulifungwa mwaka huo huo wa 1983 na haujafunguliwa tena. Mtoto aliyezaliwa Kodiak mwaka ule sasa ni mtu mzima wa miaka zaidi ya arobaini, na hajaona msimu hata mmoja wa kaa aliowapa baba zake kazi.

Wataalamu bado wanabishana juu ya sababu. Wako wanaosema meli zilizidi, na wako wanaosema maji yalibadilika joto au samaki wengine waliwala kaa wachanga. Sisi tunasema hivi: hata kama sababu zilikuwa nyingi, meli na mikopo ya benki vilipangwa kama kwamba mwaka 1980 ungedumu milele.

3. JOTO LA BAHARI: KAA ALIYEKUFA BILA KUVULIWA

Baada ya kaa mfalme kuanguka, wengi waligeukia kaa mwingine wa bahari ile ile, kaa wa theluji, anayependa maji ya baridi sana. Huyu alihesabiwa kwa uangalifu, na kila mwaka serikali ilitaja kiasi cha kuvua. Katika msimu wa 2020 hadi 2021 ruhusa ilikuwa tani 20,000 hivi. Msimu uliofuata ikashuka hadi tani 2,500 hivi. Oktoba 2022 ilitangazwa kwamba msimu umefutwa. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea kwa kaa huyo katika bahari hiyo.

Wachunguzi walipofuatilia, walieleza mwaka 2023 kwamba kaa zaidi ya bilioni 10 walitoweka. Sababu kubwa haikuwa nyavu. Mwaka 2018 na 2019 bahari ilipata joto lisilo la kawaida. Kaa akiwa katika maji ya joto mwili wake hudai chakula zaidi, na wao walikuwa wengi mno mahali padogo. Walikufa kwa njaa.

Katika kisiwa cha St. Paul, katikati ya bahari hiyo, mapato ya mji yalitegemea ushuru wa kaa na kiwanda kikubwa cha kuwasindika. Msimu ulipofutwa, mji ulitangaza hali ya hatari kwa sababu ya fedha. Uvuvi ulifunguliwa tena Oktoba 2024, lakini kwa tani 2,100 hivi tu.

Ndugu, somo hapa ni zito. Wavuvi wale walifuata kipimo walichowekewa, na bado kazi ilikufa. Mfanyakazi anaweza kutimiza wajibu wake wote, na jambo lililoanzia kwenye moshi wa nchi nyingine likamvunjia sufuria. Kwa hiyo haitoshi kumwambia mvuvi "tii sheria". Ni lazima pia kuuliza: siku kitu kikikosekana bila kosa lake, nani atamtunza?

4. KARATASI YA RUHUSA ILIANDIKWA JINA LA NANI

Zamani uvuvi wa kaa Alaska ulikuwa wa kukimbizana. Serikali ilitaja kiasi cha jumla, msimu ukafunguliwa, na meli zote zikakimbia zijaze kabla kiasi hakijaisha. Msimu mwingine ulikwisha kwa siku chache. Meli zilitoka katika dhoruba, sitaha zikiwa na barafu, watu wakifanya kazi bila kulala. Kazi hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizoua watu wengi zaidi Marekani.

Mwaka 2005 utaratibu ulibadilishwa. Kila mmoja alipewa haki ya sehemu yake, avue polepole. Jambo jema lilitokea: vifo vilipungua sana. Hilo tusilifiche.

Lakini tutazame karatasi za haki hizo ziliandikwa majina ya nani. Sehemu 97 katika kila 100 za haki za kuvua walipewa wenye meli. Sehemu 3 walipewa manahodha. Wenye viwanda nao walipewa karatasi zao za haki ya kupokea kaa. Baharia wa kawaida, aliyevuta mitego katika barafu kwa miaka ishirini, hakupewa kitu.

Katika ghuba ya Bristol meli zaidi ya 250 zilivua mwaka 2004. Mwaka 2005 zilikuwa chini ya 100. Mamia ya mabaharia walikosa nafasi msimu mmoja tu. Na wenye haki wengine walikaa nyumbani wakaikodisha haki yao kwa meli nyingine. Kodi hiyo mara nyingi ilitolewa kwanza juu ya mapato, ndipo mabaharia wakagawiwa kilichobaki.

Bahari ilikuwa na haki ya kulindwa. Kosa lilikuwa kwamba siku ya kuandika majina, wenye meli na wenye viwanda walikuwa mezani, na mwenye mikono hakuwapo.

5. MIKONO INAYOCHAMBUA

Kaa hafiki mezani bila mtu kuvunja gamba na kuchambua nyama yake. Kazi hiyo ni ya kiwandani, na katika nchi nyingi ni kazi ya wanawake, wakilipwa kwa uzito au kwa kipimo, kama wachuma chai wanavyolipwa kwa kilo.

Huko Crisfield, jimbo la Maryland, Marekani, mwaka 1938 wachambuzi wa kaa wapatao 600, wengi wao wanawake weusi, waligoma. Waajiri walikuwa wamekata ujira kutoka senti 35 hadi senti 25 kwa galoni ya nyama. Wanawake wale walikuwa maskini, na walitishwa. Walisimama majuma kadhaa pamoja na chama cha wafanyakazi wa viwanda vya kusindika vyakula. Mwishoni waajiri walikitambua chama na punguzo likafutwa.

Leo katika jimbo hilo hilo wachambuzi wengi ni wanawake kutoka Mexico, wanaokuja kwa kibali cha msimu. Kibali hicho kimefungwa kwa mwajiri mmoja. Akikosana naye, mfanyakazi hana ruhusa ya kwenda tu kiwanda cha jirani. Tena tangu miaka ya 1990 nyama ya kaa iliyochambuliwa Indonesia na nchi nyingine za Asia imeingia kwa wingi katika soko la Marekani kwa bei ya chini. Hivyo mwanamke wa Java na mwanamke wa Mexico wanashindanishwa bila kuonana. Bei ikishuka, kila mmoja anaambiwa kwamba mwenzake wa mbali ndiye aliyeishusha.

Kisa cha Japani nacho tusikisahau. Katika miaka ya 1920 merikebu zilikwenda bahari ya Kamchatka zikiwa na kiwanda ndani. Kaa alivuliwa na kutiwa makoponi huko huko. Mwandishi Kobayashi Takiji alitoa kitabu juu ya merikebu hizo mwaka 1929. Anaeleza kwamba kwa kuwa ni kiwanda, sheria za meli hazikufuatwa, na kwa kuwa iko baharini, sheria za viwanda hazikufika. Mfanyakazi alianguka katikati. Kobayashi alikufa mikononi mwa polisi mwaka 1933. Mwaka 2008 kitabu chake kilinunuliwa tena kwa wingi Japani, na wengi walioshika kitabu hicho walikuwa vijana wenye kazi za muda zisizo na hakika.

6. PWANI YETU YA AFRIKA MASHARIKI

Tusidhani kaa ni mambo ya Wazungu na Wajapani tu. Katika mikoko ya Kenya na Tanzania, kama kwenye hori ya Mida karibu na Watamu au delta ya Rufiji, yuko kaa mkubwa wa matope. Anayemtafuta hana meli. Huenda kwa miguu maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, akiwa na kijiti chenye kulabu, akachokoa shimo moja moja.

Kaa huyo hufungwa magando, akauzwa akiwa hai, na wengi husafirishwa kwa ndege kwenda Asia. Akifa njiani hana bei. Hapo ndipo nguvu ya mchuuzi ilipo. Mvuvi hawezi kumweka kaa wake wiki nzima akisubiri bei nzuri, kama vile mchuma chai asivyoweza kuliweka jani bichi mpaka kesho. Kitu kinachoharibika upesi humfanya muuzaji kuwa mnyonge.

Wako waliojaribu njia nyingine. Huko Dabaso, hori ya Mida, kikundi cha wanakijiji hunenepesha kaa katika vizimba, hutunza mikoko, na wameanzisha mgahawa wao wenyewe. Si utajiri, lakini kaa anaposubiri ndani ya kizimba cha wanakikundi, mchuuzi hana haraka ya kuwatisha nayo. Na China, ambako kaa wa maji baridi hufugwa mabwawani, hutoa zaidi ya tani 700,000 kwa mwaka. Kwa hiyo kaa wa kufugwa ni biashara kubwa tayari, na swali la nani mwenye bwawa na nani kibarua linakuja naye.

7. TURUDI ZIWANI KWETU

Sasa tutazame Kivu. Sambaza si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, kwa sababu Kivu lilikuwa na samaki wa aina chache na katikati ya maji palikuwa patupu. Miaka hiyo hiyo ya 1960 wataalamu wa Urusi ya Kisovyeti walimchukua kaa mfalme kutoka Mashariki ya Mbali wakampeleka bahari ya Barents, upande wa Murmansk. Kaa akatambaa mpaka Norway, na tangu mwaka 2002 anavuliwa huko kwa biashara. Hapa sambaza, kule kaa: wote ni wageni walioletwa na serikali, wote wakawa riziki ya watu.

Hapa kwetu mitumbwi mitatu huunganishwa kwa miti mirefu, wavu ukashushwa katikati, taa zikawashwa gizani ili sambaza wapande. Usiku kucha ekipe inafanya kazi. Alfajiri inarudi ikiimba, na wageni wa hotelini wanapiga picha. Wimbo ni mzuri. Lakini sisi tunajua kwamba anayeimba ana baridi, na bado hajui asubuhi hiyo atagawiwa nini.

Kila mwaka ziwa hufungwa, kwa kawaida miezi miwili hivi kati ya Agosti na Oktoba, ili sambaza wazae na kukua. Chama chetu kinaunga mkono kufunga huko bila kigugumizi. Anayevua kwa chandarua usiku wa kuiba anaivua sahani ya mtoto wake ya mwaka ujao. Na kwa kuwa ziwa ni letu na la ndugu zetu wa Kongo, kufunga kunafaa zaidi pande zote mbili zikipatana, maana sambaza haonyeshi karatasi mpakani.

Lakini tulipokaa ufukweni na wavuvi wa ekipe moja, mzee mmoja alituambia: "Ziwa likifungwa, mwenye mitumbwi ana duka. Sisi tuna mikono tu, na mikono haikopeshwi." Maneno hayo ndiyo ya Alaska, yamesemwa kwa Kiswahili cha Gisenyi. Kupumzisha ziwa ni kazi kwa faida ya wote. Ikiwa ni kwa faida ya wote, haifai gharama yake ibebwe na maskini peke yake.

8. TUNAPENDEKEZA NINI

Kwanza, majina. Kila mtu wa ekipe aandikwe katika daftari la ushirika, si mwenye mitumbwi peke yake. Siku ruhusa zikigawanywa kwa njia mpya, asiye na jina hatakuwa na sehemu.

Pili, akiba ya miezi ya kufunga. Kiasi kidogo kitolewe kila usiku wa mavuno mazuri, kiwekwe katika hesabu ya ushirika, kisomwe hadharani kila mwezi, na kigawiwe ziwa likifungwa. Kwa uzee upo mpango wa Ejo Heza, ulioanza mwaka 2018, unaopokea hata watu wasio na mshahara wa mwezi. Mvuvi anaweza kuingia.

Tatu, mkataba wa maandishi. Mkataba namba 188 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, uliopitishwa mwaka 2007 na kuanza kutumika mwaka 2017, unataka mvuvi awe na mapatano yaliyoandikwa, pamoja na namna ya kulipwa au kugawiwa. Katika maana yake, uvuvi wa biashara ni pamoja na wa maziwani, ingawa serikali inaruhusiwa kuyaacha maziwa nje baada ya kushauriana. Na sisi tuwe tayari kushauriwa.

Nne, mizani. Mtu mmoja wa ekipe asimame kando ya mizani kila asubuhi, kama tunavyodai msimamizi wetu kwenye mizani ya majani ya chai.

Tano, tarehe za kufunga na kufungua zisipangwe bila wavuvi wa kawaida kuwapo. Wao ndio wa kwanza kuona sambaza amekuwa mdogo wavuni.

Ndugu wa shamba la chai, haya yote yageuze uyatazame upande wako. Jua likizidi, jani halioti. Mashine ya kiwanda ikisimama, kibarua ndiye anayerudishwa nyumbani kwanza. Je, mapatano yako yanasema nini siku hiyo? Ukijua jibu la mvuvi, umelikaribia lako. Kidole kimoja hakivunji chawa.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Kwa nini mabaharia wa Alaska hawakupata haki mwaka 2005, ingawa wao ndio waliovua?

2. Wanawake wa Crisfield walilipwa kwa kipimo. Je, katika kazi yenu nani anashika kipimo, na nani anamwangalia?

3. Sambaza anapopanda bei wakati ziwa limefungwa, nyumbani kwenu mnakula nini? Je, tawi linaweza kununua na kukausha pamoja kabla ya kufungwa?

4. Katika mkataba wenu wa kazi, kuna maneno gani juu ya siku ambazo kazi inakosekana bila kosa la mfanyakazi? Uleteni mkataba, usomwe kwa sauti.

Katibu wa tawi aandike majibu, hata kama ni mafupi, ayasome katika mkutano ujao. Ndugu wawili wa ekipe za sambaza wamealikwa kuja kuyasikia, na ndugu wa chai aliyeuliza lile swali ndiye atakayewakaribisha.